Tandiko Lako Halijaisha Upande Mmoja

Wegesa mwanangu,

Kwa heshima zote ninazoweza kuzikusanya, na mbele ya mashahidi wawili, yaani taa ya chemli na paka, ninatangaza rasmi kwamba tandiko lako la vipande halijakamilika. Pande tatu zimepindwa na kushonwa. Upande wa nne uko wazi, na pamba inachungulia nje kama jirani aliyesikia ugomvi. Wananchi wanaombwa wawe watulivu. Shughuli ziendelee kama kawaida, na meli ya Mwanza iondoke kesho kama ilivyopangwa, wewe ukiwa ndani yake.

Ningeweza kuumaliza upande huo sasa hivi badala ya kukuandikia. Tandiko nililiacha kwenye kiti cha barazani nilipoingia kula, na sindano ninayo hapa kwenye ukosi wa shati. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani, na jambo likinikaa kifuani sishoni sawasawa, napiga mishono mirefu kama mtu anayekimbia mvua.

Juzi nilikuwa nyuma ya jiko natafuta kizibo cha galoni. Sikuwa nasikiliza. Masikio yalikuwepo tu, kama yanavyokuwaga. Ukawa unamwambia mama yako:

"Mama, mwambie baba asihangaike. Wenzangu chuoni watakuwa na mablanketi ya dukani. Mimi nikitandika viraka watanicheka mpaka nimalize chuo."

"Mwambie mwenyewe. Si baba yako?"

"Siwezi. Utamwambia nini mtu anayefurahi vile?"

"Basi nyamaza ulibebe."

"Mama, nitaitwa Viraka. Mwalimu Viraka. Jina litanifuata mpaka uzeeni."

Mama yako akacheka, ile sauti yake anayoizibaga na kanga. Mimi nikakipata kizibo, nikaenda zangu kufunga galoni ambalo halikuwa na kitu.

Kwa hiyo swali liko wazi na sitalizungusha: kesho tandiko litapanda meli, au litabaki hapa nyumbani Kitaji? Sitakuuliza uso kwa uso, kwa sababu utaniambia ndiyo kwa huruma, na mimi sitaki kitu changu kifike chuoni kwako Tabora kwa huruma. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako. Uisome kabla hujavivaa, halafu uamue.

Mambo ya sabuni, ya kusali, ya kuchemsha maji na ya wavulana, mama yako ameshayamaliza, na hilo la wavulana alilirudia akiwa ameshika mwiko. Mimi nibaki kwenye eneo langu la utaalamu, ambalo ni makosa.

Ila kwanza sahihisho moja la lugha, maana unakwenda kusomea ualimu. Kiraka kinaziba tundu. Suruali ikitoboka goti, pale panawekwa kiraka. Mimi sijaziba tundu lolote. Mimi nachukua kitambaa kizima, nakikata kwa makusudi, halafu nahangaika mwaka mzima kukirudisha kilivyokuwa. Hivyo vinaitwa vipande. Najua nikieleza hivyo naonekana mpumbavu kuliko huyo mwenye viraka, lakini neno ni neno.

Unajua nilianzaje? Nilikuwa mshona magunia kwenye ghala la pamba pale Bunda. Gunia likichanika, naitwa. Shule niliishia darasa la pili, ng'ombe wa baba waliponihitaji kuliko mwalimu alivyonihitaji. Kusoma vizuri nilijifunzia kwenye maandishi ya magunia, ndiyo maana mpaka leo herufi zangu zinakaa kama zimepigwa muhuri. Msimu ukiisha, magunia yakiisha, mkono ulikuwa unawasha. Wenzangu wakawashwa wakaenda kwenye pombe. Mimi nikaanza kuunganisha vitambaa.

Tandiko la kwanza lilikuwa lako, ukiwa bado tumboni. Nilipata vipande vya kitambaa cha marekani na kanga kuukuu za mama yako, na ndani nikajaza pamba iliyofagiliwa sakafuni pale ghalani. Sasa, mtu yeyote wa Bunda, hata mlevi, anajua kwamba pamba ikitoka shambani ina mbegu, na lazima ipite kiwandani zitolewe. Mimi niliishi na pamba kutwa nzima, nimeivuta mpaka puani, na nikaijaza na mbegu zake. Nilifikiri zitalainika kwa kulaliwa.

Ukazaliwa. Ukalazwa juu yake ukalia, tukasema mtoto ana kelele. Kumbe mtoto analalia changarawe. Halafu ukalikojolea kwa bidii ambayo sikuiona tena kwako mpaka ulipoanza kusomea mitihani. Mama yako akalifua, akalitupa juu ya banda la kuku likauke. Ikaanza kunyesha, ukashikwa na homa, tukalisahau.

Asubuhi moja nikasikia naitwa kwa sauti tamu mno, na mama yako hanaga sauti tamu bila sababu.

"Baba Wegesa! Njoo uone shamba lako."

Lilikuwa limeota, mwanangu. Majani mawili mawili, ya kijani, yamepenya kwenye mishono yangu kana kwamba niliiacha wazi kwa ajili yao. Watu wakaja kutazama. Bwana shamba aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama, akalizunguka banda, akasema kwa uso mkavu kwamba miche imebanana na mistari haikunyooka. Jirani akauliza palizi ni lini, aje na jembe. Kwa mwaka mzima pale Bunda nilikuwa nasalimiwa, "Habari za kitandani, mvua zipo?"

Nilichookota pale ni kidogo tu, kwamba mtu anaweza kukaa karibu na kitu siku nzima asikijue. Wewe utakaa karibu na watoto wa watu siku nzima. Basi, siendelei, nimeahidi sitahubiri.

Tandiko la pili ni lile lililoko darini, unalolijua kama la Uhuru. Baada ya sherehe za Uhuru, vitambaa vilivyopambwa kwenye nguzo na miti vilibaki vinaning'inia, kijani, nyeusi na dhahabu. Nikaomba, nikaambiwa chukua. Nikafurahi. Nikaona nitashona kitu cha kumbukumbu, wajukuu waje waone. Nilikuwa nimefika nusu, nikakitandaza uani, akaja Mzee Magesa, jirani yetu, ambaye alikuwa ameupokea Uhuru kama vile ulikabidhiwa kwake binafsi.

"Wewe, unaulalia Uhuru wetu?"

"Hapana mzee. Ni la kujifunika."

"Na miguu? Miguu itakuwa upande gani?"

"Upande huu wa nyeusi."

"Nyeusi ndiyo sisi wananchi! Unatukanyaga?"

"Basi itakuwa kwenye kijani."

"Kijani ni ardhi na mazao yetu. Hujamaliza kukanyaga?"

"Kwenye dhahabu, mzee."

"Madini!"

Nikalala nimekunja miguu. Kabla sijamaliza kushona, nchi ikaungana na Zanzibar, bendera ikaongezwa buluu, na tandiko langu likapitwa na wakati likiwa mbichi. Nikapanda gari mpaka Musoma kwa Fundi Shabani, yule wa baraza ya karibu na soko, ambaye baba yake alitoka Ujiji na mama yake ni wa Makoko. Mabaki ya buluu alikuwa nayo tele, ya sketi za shule. Akanipa bure, akaniuliza tu, "Unamshonea nani mwenye mwili wa pembe nne?" Nikaingiza buluu. Mzee Magesa akaja kukagua. Akasema buluu ni maji, kwa hiyo angalau sasa pana mahali pa kuoshea miguu.

Mama yako akalifua mara moja. Buluu ikahamia kwenye dhahabu, ikawa kijani. Kijani kikapauka, kikawa si rangi ya kitu chochote ninachokijua. Leo ukilitandaza utaona bendera ya nchi ambayo bado haijapatikana. Ndiyo maana halijaisha, wala mimi sina haraka tena. Ukiwa mwalimu, ramani chora kwa penseli.

Sasa nije kwenye lile la Mugeta, kijijini kwao na mama yako, ambalo hujawahi kulisikia kutoka kwangu. Mama yako akilisimulia hulisimulia nikiwa sipo, na akimaliza, nikirudi, watu wote wananitazama vizuri mno.

Bibi yako, mama yake mama yako, alikuwa mkwe wangu kwa ukamilifu. Nilijua masharti yote. Siingii nyumbani mwake. Sili mbele yake. Nikikutana naye njiani, mimi naingia kichakani, hata kama kichaka ni cha miiba. Nikiwa na la kumwambia, namwambia mtu wa tatu huku yeye anasikia. Nilishika yote hayo bila kosa hata moja, na nilijivunia. Halafu siku moja nimekaa zizini na mashemeji, nikaona blanketi lake limeanikwa kwenye ua. Kupitia blanketi hilo niliweza kuona mbuzi, na nikamtambua kwamba ni dume.

Nikarudi Bunda nikashona. Hilo ndilo tandiko bora nililowahi kutoa mkononi. Pamba iliyochambuliwa, safari hii. Bitana ya khaki imara. Juu vipande vya maua vyekundu na vyeupe, mishono midogo ambayo hata Fundi Shabani aliinamia akaihesabu. Sikumwambia mama yako, nilitaka iwe siri. Nikalifunga kwenye baiskeli, mama yako, na wewe mgongoni, akapanda gari la pamba, tukakutana Mugeta.

Uani palikuwa na watu. Nikamkabidhi shemeji yangu mkubwa, Nyamhanga. Akalifungua, akalishika kwa ncha za vidole.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Tandiko. La mama."

"Mama wa nani?"

"Mama. Mkwe."

"La kulalia?"

"Sasa tandiko huwa mnalifanyiaga nini lingine?"

Mzee mmoja akaweka kibuyu chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka. Ndani ya nyumba ya wanawake mtu akaanza kucheka, akazibwa mdomo. Hapo ndipo nikaanza kuyasikia maneno yangu mwenyewe yakinirudia. Mwanamume amemtandikia mama mkwe wake kitanda. Amekishona kwa mikono yake. Amekileta mchana, kwa baiskeli.

Mwanangu, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba tandiko ni mwiko, kwa sababu tangu dunia iumbwe pale Mugeta hakuna aliyewaza kwamba mkwe wa kiume atajua kushona. Walinitungia sharti jipya palepale.

Mzee wa kibuyu akasema apatikane kondoo. Mwingine akasema kondoo mmoja hatoshi. Nyamhanga akasema mama yako na mtoto wabaki kwao mpaka jambo lisafishwe, na mimi nirudi Bunda na kitambaa changu. Nikamtazama mama yako. Alikuwa amejifunika uso na kanga, mabega yanatetemeka, nikafikiri analia.

"Ungeniuliza," akasema kwa chini.

"Nilitaka iwe siri."

"Sasa imekuwa siri?"

Nilikuwa nimeshaanza kulikunja tandiko, na ninakuambia kweli, sikuwa nacheka. Nilikuwa nahesabu njia ya kurudi peke yangu. Mara sauti ikatoka ndani, ya bibi yako. Hakuweza kusema na mimi, akasema na mwanawe, lakini kwa sauti ya kufika mpaka kisimani.

"Nyamhanga! Hicho alicholeta mkwe ni kile cha ndama?"

Uani wote wakageuka kulitazama tandiko.

"Nasema nilimwagiza mkwe kitu cha kumfunika ndama. Ndama wangu wa juzi anatetemeka kwa baridi na nyie mmekaa mnakunywa. Ndicho hicho au amenisahau?"

Hakuniagiza kitu maishani mwake. Nyamhanga akanitazama, mimi nikatazama chini.

"Ndicho, mama," akajibu, kwa haraka ya mtu aliyefunguliwa mlango.

"Basi mvisheni ndama. Na mkwe apewe chakula, ametoka mbali."

Ndama akavikwa. Alitembea uani na maua yake mekundu kama bibi harusi, wazee wakamtazama kwa heshima, na mimi nikala ugali wangu nyuma ya ghala kama mkwe mwema. Mama yako nilirudi naye. Njia nzima alikuwa anacheka, kumbe na kule uani alikuwa anacheka.

Kila nilipokwenda Mugeta baadaye nilimkuta ndama amekua, akawa mtamba, akawa ng'ombe, akatolewa mahari ya kaka mdogo wa mama yako. Tandiko sikuliona mgongoni mwake wala mgongoni mwa ndama mwingine yeyote. Bibi yako alipofariki, mama zako wadogo waliingia kukusanya vitu vyake, wakalikuta limetandikwa kitandani, limechakaa katikati. Hakuna aliyeuliza ndama alikuwa anafuata nini pale.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Kosa langu halikuwa lile la mwiko. Niliona mtu ana baridi nikakimbilia sindano, sikumuuliza mtu yeyote kama kupewa kutamuumiza. Ikabidi yeye, mzee, aliyekuwa na baridi, ndiye ahangaike kuniokoa. Na nilipokusikia kule jikoni nikajua nimefanya lile lile tena. Nilianza kukushonea siku jina lako lilipotoka kwenye orodha ya chuo, na sikukuuliza hata rangi.

Lile la ujamaa unalikumbuka wewe mwenyewe, ulikuwa mkubwa. Tulipohamishiwa kijijini kule upande wa Butiama, kabla hatujaja hapa Musoma, kila kaya iliambiwa ichague kikundi. Wenzangu wakakimbilia matofali na kuku. Mwenyekiti akasoma, "Ushoni," akaniona mimi, akasema, "Wewe si una sindano?" Nikawa mwanamume pekee kati ya akina mama, na Mama Nyangi akiwa kiongozi wetu. Tukaazimia kushona tandiko moja la kijiji. Kila kaya ilete kipande chake, upana mkono mmoja.

Hakuna aliyeuliza mkono wa nani. Mama Nyangi ana mikono ya kufikia juu ya mlango. Mzee Kisire, aliyekata kipande badala ya mkewe kwa sababu mkewe alikuwa anaumwa, ana mkono wa kushikia kikombe. Nilipoviunganisha vile vipande kilitoka kitu chenye mabonde na vilima. Ukikilaza huku, kinainuka kule.

Akaja mgeni kutoka wilayani kukagua maendeleo. Tukalishika kwa pembe zake zote, tumejipanga.

"Zuri," akasema. "Nani analilalia?"

Tukatazamana. Mama Nyangi akajibu, "Sote."

"Wote kwa pamoja?"

"Hapana, mheshimiwa. Kwa zamu."

Zamu yenyewe ilitungwa pale pale, mbele ya mgeni, na ilibidi tuifuate. Kila kaya wiki yake. Unakumbuka lilivyotufikia? Ulikuwa unajikuna mpaka shuleni. Kunguni wa Mama Nyangi walifahamiana na kunguni wa Mzee Kisire, wakatembeleana, wakaoana. Katika kijiji kizima wao ndio walioelewa somo haraka kuliko sisi. Mwisho zamu ikafika kwa kaya yenye watoto wengi kuliko zote, na haikutoka. Tukaomba, tukatuma wajumbe. Wakasema watoto wamelala. Mchana? Mchana pia wamelala.

Siku liliporudishwa kila mtu alitaka kipande chake. Aliyeunganisha ni mimi, kwa hiyo wa kufumua ni mimi. Nilikaa na wembe nikifumua mshono baada ya mshono, na akina mama wamenizunguka wakisema, "Polepole, hicho ni changu." Ajabu ni kwamba siku ile ya kufumua ndiyo siku tuliyocheka kuliko zote za kikundi. Mama Nyangi alikichukua kipande chake, akakipima kwa mkono wake, akasema, "Kimepungua. Mmenila."

Basi. Sasa hilo lako.

Pamba yake imechambuliwa, nimeipitisha yote kwa vidole, hutaota kitu. Rangi nimezichovya kwenye maji ya chumvi kabla ya kukata, hazitahama. Hakuna maana yoyote iliyofichwa ndani. Najua una tabia ya kutafuta maana. Ile buluu ni sketi yako ya shule ya msingi, niliiweka kwa sababu ilikuwepo. Ule wekundu ni mabaki ya Fundi Shabani, ya gauni la mtu aliyekuja akalikataa. Khaki ni suruali yangu ya ghalani, na nimekata mbali na mahali pa kukalia. Katikati kuna kipande kimoja kimekaa kombo. Nilikiona baada ya kukishona, nikachukua wembe nikifumue, halafu nikaacha. Usifikiri ni busara. Miwani ilikuwa imepotea, na mama yako alikuwa ameikalia.

Ninalotaka kukuambia ni hili, mama, na nakuita mama kwa sababu jina ni la mama yangu, na yeye pia alikuwa hasemi hapana kwa watu waliofurahi. Jifunze kulisema. Hata kwangu. Mimi nimeshakataliwa kitu changu mbele ya ukoo mzima na ndama amesimama pale anasikiliza. Sitavunjika. Ukiliacha, nitajua umeliacha kwa sababu hukulitaka, na sitalipa jina lingine. Nitalimalizia upande wake, nitajifunika mwenyewe, miguu nitaiweka popote. Ukilichukua, lichukue kwa sababu unalitaka. Wakikuita Viraka, waeleze tofauti niliyokueleza ya kiraka na kipande. Hawatakuelewa, ila watachoka kusikiliza.

Hiyo ndiyo nafasi yako ya kuchagua, na nimekuwekea kwa maandishi ili usilazimike kunitazama usoni. Nikiona kitandani pako asubuhi limebaki limekunjwa, nitakushika mkono pale bandarini kama kawaida, nitakuuliza kama umekula.

Ni mimi baba yako, mshona magunia mstaafu, ninayekuombea safari tulivu na godoro lisilo na mbegu.

Nimerudi kuongeza maneno machache hapa chini. Nilitoka kwenda barazani kulichukua ili nimalizie upande wa nne, nikakuta kiti kitupu. Nimemuuliza mama yako, ambaye bado anapanga mizigo. Anasema ulilifunga wewe mwenyewe tangu jioni, ukakaza kamba, ukakataza mtu yeyote asilifungue. Ndani yake kuna sato wa kubanika wa kumpelekea shangazi yako wa Mwanza.